Pole, Binti Nikolai

Binti Nikolai,

Mgeni rasmi, waalikwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Ninayo heshima kuutangazia umma wa ghorofa ya kumi na nne kwamba leo, baada ya sala ya adhuhuri, chupa ya mwisho ya matango yako ya chumvi imefunguliwa rasmi. Shughuli ilifanyika jikoni kwangu. Tulihudhuria mimi, mwanangu Rehema, na Mama Furaha wa mlango wa pili, ambaye ndiye aliyekuwa mgeni rasmi kwa sababu ndiye mwenye mikono. Tulijaribu maji ya moto, tukajaribu kisu, tukajaribu kitambaa cha kuepulia sufuria. Mama Furaha akasema, kwa Kiswahili chake cha Bukavu, "Bon, huyu mama alifungaka hii kitu na hasira." Mwishowe kifuniko kikaachia chenyewe, bila hotuba. Rehema alikula tango moja, akasema kwa Kiingereza kwamba ni chachu. Mimi nikala mawili. Yalikuwa machachu kweli. Nakuarifu tu.

Leo ni arobaini yako. Padri wenu aliponiambia kwamba nanyi mna arobaini, nilidhani ameokota kwetu. Akasema hapana, ni yenu tangu enzi. Basi tukaepuka mabishano mengi. Wenzako wa kazini kule stoo ya Markham walileta wali mtamu wenye zabibu kavu, Mama Furaha akaleta sambusa, mimi nikapika pilau, na kila mmoja aliondoka akiamini shughuli ilikuwa ya kwao.

Sijalia. Nataka ulijue hilo kutoka kwangu, usije ukalisikia kwa watu. Nimejaribu. Siku ya mazishi nilikata vitunguu, machozi yakanitoka, wanawake wakanishika mabega wakasema lia, mama, lia, usijizuie. Nikawaacha waamini. Ndani palikuwa pakavu. Ni kama shavu baada ya sindano ya daktari wa meno: unajua lipo, unajua ni lako, unaligusa na halikujibu. Naenda kazini, nawaogesha wazee wangu, nawalisha, nawasikiliza wakinisimulia kisa kilekile cha jana, narudi. Mtu akiniuliza hali nasema nzuri, na sioni kama nimedanganya.

Hata kanisani nilikuwa hivyo hivyo. Nilisimama upande wa wanawake na mtandio wangu kichwani, na yule bibi anayeuza mishumaa akanitazama kwa kuridhika kuliko alivyowatazama Warusi wenzako waliokuja vichwa wazi. Jeneza lilichelewa. Nadhani hukuambiwa. Watu wa mazishi walileta la kawaida, wakapima, likawa fupi kwako, wakarudi nalo, wakaomba radhi. Nikamwambia Rehema, huyo ndiye Kocha, hata leo amegoma kuinama. Rehema hakucheka. Dada yako alikuwa kwenye simu kutoka kwenu, tumemwegemeza kwenye chombo cha maua ili aone, na kila mara picha iliganda na yeye akiwa amefumba macho.

Lakini najua wewe hutaki habari za jeneza. Unataka habari za timu.

Wiki tuliyokuzika, mkuu wa ligi ya kikapu ya wasichana alinipigia simu. Sauti nzuri, ya mtu aliyefundishwa kusikitika. Alisikitika kwa muda wa kutosha, kisha akasema kanuni ni kanuni. Timu isiyo na mtu mzima benchini ikikosa mechi mbili inatolewa kwenye ligi. Ikitolewa, saa yetu ya Jumamosi pale ukumbini inapewa wale wazee wa mchezo wa vibao na kimpira cha plastiki chenye matundu. Unawajua. Wameingojea saa yetu kama watu wanavyongojea nyumba ya urithi, kwa adabu, wakipita kila Jumamosi kutazama kama bado tunapumua. Mechi ya kwanza ilikuwa imeshatupita, tulikuwa makaburini. Ilibaki moja. Tusipotokea hiyo, timu yako imekwisha, na wasichana wanarudi kwenye korido.

Na Rehema tangu ulipokufa alikuwa hajagusa mpira. Ule uliompa ulikuwa chini ya kitanda, nyuma ya begi la nguo za baridi. Nilipofagia nilimuuliza niuweke wapi. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba popote.

Wazazi tulikaa sebuleni kwa Mama Furaha kutafuta kocha. Mmoja ana kazi Jumamosi, mwingine ana kanisa Jumamosi, mwingine akasema yeye ni wa mpira wa miguu na hawezi kusaliti. Mtu mwenye karatasi ya polisi ya tabia njema, maana kwenye kazi ya kutunza wazee lazima uwe nayo, na mwenye Jumamosi tupu, alikuwa mmoja. Wakanigeukia wote. Mama Furaha akasema, "Madame Coach, voilà." Nikasema siujui mchezo. Akasema, "Unaangaliaka kila samedi miaka yote, uliangaliaka nini basi?"

Na kweli, nilikuwa naangalia nini. Nilikuwa nakaa kwenye kiti cha plastiki na ufumaji wangu kwa sababu ukumbi ule una joto kuliko nyumba yangu. Mengine yaliniingia bila kuomba ruhusa. Niliwahi kujikuta nikimfokea mwamuzi na huku sindano imenichoma.

Watu wananiambia pole. Kwenye lifti, dukani, msikitini. Pole kwa msiba, Mama Rehema. Najibu asante, tumeshapoa. Na kila nikilisikia neno hilo nakuona ulivyosimama siku ile kwenye chumba cha kufulia.

Ulikuwa unashuka ngazi kiubavu, kama kaa, kikapu cha nguo umekikumbatia. Sikukujua. Katika jengo lile watu hawajuani, wanajua tu milango. Kwenye ngazi ya mwisho goti likagoma, ukashika ukuta, kikapu kikaenda. Nikasema, "Pole." Ndivyo mtu anavyosema. Hata mwizi akijikwaa mbele yako utasema pole kwanza, ndipo upige kelele za mwizi.

Ukasimama wima. Ilichukua muda. Ulipomaliza kusimama, kichwa chako kilikuwa jirani na mabomba ya dari. Ukaniuliza, "Kakoye polye?"

Nilidhani nimetukanwa. Ukarudia kwa Kiingereza, kibovu kuliko changu, jambo lililonituliza: uwanja, uwanja gani? Ukadondosha mkono chini ukidunda kitu kisichokuwepo, ukanyanyua mikono yote miwili ukakirusha. Mimi nikaelewa kwa akili yangu: huyu mama mrefu anatafuta uwanja wa mpira wa kikapu. Si ajabu, kwa urefu ule. Rehema wakati huo alikuwa mdogo, na saa hiyo yuko ukumbi wa mtaa, jengo la tatu kutoka letu. Nikaacha nguo zangu zikizunguka, nikakupeleka. Nilizikuta baadaye zimetolewa na kuwekwa juu ya meza, mbichi, na mtu.

Ulisimama mlangoni ukiwatazama watoto wakitupa mpira kama wanavyotupa taka. Ulikuwa na ndara miguuni. Kisha ukaingia, moja kwa moja kwa Rehema, hukusema jina wala salamu, ukamshika kiwiko, ukakisogeza chini ya mpira, ukarudi nyuma. Akarusha. Mpira ukapita kikapuni. Rehema akakugeukia kwa jicho ambalo mimi mama yake sijawahi kupewa.

Tulikuja kuligundua kosa baadaye sana, timu ikiwa imeshapata jezi. Ulikuwa jikoni kwako unapanga matango, na mimi nikauliza tu, kupitisha muda, mbona siku ile chumba cha kufulia uliniulizia uwanja. Ukasema, "Wewe ndiye uliyeniambia uwanja." Nikasema mimi nilikuambia pole. Ukasema, ndiyo, pole, uwanja. Kwenu neno ni hilohilo. Shamba la ngano ni pole, uwanja wa mpira ni pole.

Ukaweka tango chini.

"Kwa hiyo hukunijua."

"Ningekujulia wapi?"

"Nilifikiri umenijua. Nilifikiri umeniona mahali, ukicheza mimi." Kiswahili chako, ulichokiokota kwetu, kilikuwa hivyo, kila kiungo kipo ila si mahali pake.

Mwanamke usiyemjua, mwenye mtandio, chini ya jengo la St. James Town hapa Toronto, katika nchi ambayo hakuna aliyewahi kukushangilia, amekutazama ukijikwaa akakuambia: uwanja. Ulikuwa umetembea na jambo hilo muda wote ule. Nilitamani nirudishe ulimi. Ukacheka kile kicheko chako cha puani, ukasema basi timu nzima imezaliwa na nguo chafu.

Ndipo ukauliza, pole maana yake nini hasa. Nikasema ni neno la kumwambia mtu aliyeumia. Ukauliza kwa nini nikuombe msamaha wakati sikukusukuma. Nikasema si msamaha. Nikahangaika. Nikasema ni kumwambia mtu kwamba nimekuona umeumia, basi, halina kazi nyingine. Ukaligeuza tango mkononi. Ukasema katika miaka yako yote ya kucheza, ukianguka, watu walikuwa wanakuuliza swali moja tu, katika lugha nyingi: unaweza kuendelea?

Maisha yako ya mpira nimeyapata hivyo, vipande vipande, juu ya ndoo ya matango, kwa sababu ulikuwa huwezi kusimulia mikono ikiwa mitupu. Nayaandika hapa si kwa ajili yako, wewe unayajua. Nayaandika nione kama ninayo yote.

Mji wenu ng'ambo ya milima ya Ural, una kiwanda cha matrekta na mto mweusi. Ulikuwa darasani, umemzidi mwalimu urefu, akaja mwanamke mwenye koti la kiume. Hakuuliza kama unapenda michezo. Aliuliza mama yako anavaa kiatu namba ngapi. Akatazama viganja vyako vya mikono, pande zote mbili, kama mtu anayenunua kuku. Wakakupeleka shule ya bweni ya michezo, na mama yako akakufungia mto wa kulalia, kwa sababu alisikia mito ya serikali ni migumu. Ukumbi ulikuwa na baridi kiasi kwamba mpira haudundi; mlikuwa mnaulalia kwanza, kwa zamu, mpaka upate joto. Nilidhani hilo umelitunga. Ukaniapia kwa mama yako.

Kisha klabu, ligi kuu, na wewe bado hujafikisha umri wa kupewa ufunguo wa chumba. Nafasi yako ni ile ya katikati, chini ya kikapu, mahali ambapo viwiko vinazungumza. Hukuwa mfungaji. Hilo ulilisema bila kinyongo. Kazi yako ilikuwa kusimama mahali ambapo mwingine anataka kupita. "Mimi ilikuwa mlango," ulisema, nami nikakusahihisha, nilikuwa, ukasema ndiyo, nilikuwa mlango.

Mlichukua ubingwa wa ligi mara moja. Medali niliiona: ilikuwa ndani ya ndoo, juu ya sahani, inakandamiza matango yasielee. Nikakuuliza kama huoni aibu. Ukasema ina uzito mzuri.

Timu ya taifa walikuita kambini kiangazi baada ya kiangazi, na kila mara jina lako likakatwa jioni ya kuamkia safari. Traksuti ulipewa, yenye herufi za nchi kifuani, kwa sababu traksuti wanapewa wote walio kambini. Jezi ya kuchezea wanapewa wanaobaki. Kwa hiyo ulikuwa nayo traksuti, jezi huna. Traksuti hiyo ndiyo tuliyokuzika nayo. Dada yako alisema kwenye simu kwamba ndivyo ulivyotaka, padri akasitasita, kisha akasema Mungu atajua ni nguo.

Halafu nchi yenu ikavunjika na klabu ikakosa mishahara, wakawalipa kwa bidhaa za mfadhili, na mfadhili alikuwa kiwanda cha masufuria. Mkaenda kuyauza kituo cha treni. Nimelifikiria mara nyingi jambo hilo kazini, na limenisaidia kupitisha zamu: timu nzima ya wanawake warefu, mmepanga mstari kwenye theluji, kila mmoja na sufuria kila mkono, na abiria wanawapita wakidhani ni aina fulani ya polisi. Sufuria moja ulibaki nayo. Ndiyo niliyopikia pilau ya leo. Ni nzito na inaunguza upande mmoja.

Baadaye Poland. Kisha Hungaria, ambako hukuelewa neno hata moja msimu mzima na ukacheza vizuri kuliko popote. Kisha Uturuki, mji mdogo, ambako walikupenda. Watoto walikuwa wanakufuata sokoni, muuza samaki anakuwekea kichwa. Huko ndiko uliposhuka na mpira uliorudi kutoka ubaoni, ukakanyaga mguu wa mtu, na ukasikia sauti kama ya karoti inayovunjwa. Ulilala pale sakafuni peke yako kwa kitambo, kwa kuwa wenzako walikuwa wamekimbilia kikapu cha upande wa pili, na mchezo haukuwa umesimamishwa. Dari ya ukumbi ule ulikuwa unaikumbuka kuliko sura ya mume wako. Ulisema ilikuwa na puto la kijani limenasa.

Msimu uliofuata ulirudi na goti limefungwa bandeji. Kazi yako ilikuwa kuingia kidogo ili mwenzako anywe maji. Hakuna aliyekuaga. Siku moja jina lako halikuwa kwenye orodha ya basi, basi ukabeba begi ukarudi nyumbani. Mume akaenda zake. Mchezaji mwenzako wa zamani alikuwa Toronto, ukaja kumsalimia, ukabaki. Ukapata kazi ile stoo ya vifaa vya ofisi Markham, na walikupenda sana kwa kuwa hukuhitaji ngazi.

Hayo ndiyo niliyo nayo. Kama kuna mengine umeondoka nayo.

Jina nalo. Ulijitambulisha Vera Nikolayevna, nikauliza Nikolayevna ndiyo nani, ukasema ni baba yako, Nikolai. Nikasema kwetu Tanga hiyo ni Vera binti Nikolai, hakuna haja ya kuuvunja ulimi. Ulipenda. Ukashangaa zaidi kusikia mimi naitwa kwa jina la Rehema. Ukasema, "Sisi tunaitwa kwa aliyepita mbele. Ninyi mnaitwa kwa anayekuja nyuma." Kisha ukarudi kwenye matango, kwa sababu wewe hukuwa na anayekuja nyuma. Nami sikusema pole. Nilidhani utaniuliza uwanja gani.

Pale uwanjani lakini ulilitumia neno hilo bila huruma. Mtoto akianguka unapaza sauti kutoka benchini, "Polye." Wewe unamaanisha uwanja: simama, rudi kazini. Wao, watoto wa Kiswahili waliolelewa na Kiingereza, wasiotoa shikamoo mpaka wafinywe, wanalisikia ni pole, na kabla hawajafikiri mdomo unajibu, "Asante." Benchi zima. Mtu anaanguka, kocha anamfokea, na timu nzima inashukuru. Mwamuzi mmoja aliwahi kuja kwenye kiti changu kuniuliza kama ni jambo la dini. Mzazi wa timu ya Lawrence Heights alishawishika kwamba ni mbinu ya siri, na nasikia walijaribu kuijibu na ya kwao. Wewe ukasema usiwaambie watoto. Kila mtu anasikia anachohitaji.

Basi Ijumaa nilimwambia Rehema kwamba kesho mimi ndiye kocha. Alinitazama kama mgonjwa anayemwona daktari ameingia na kitabu. Akauliza, kwa Kiingereza, nitavaa nini. Sikumwambia aje. Nilisema tu saa ya kutoka. Asubuhi nilimkuta mlangoni, viatu vimefungwa, mpira kwapani, hanitazami. Nadhani aliogopa aibu nitakayoileta bila usimamizi.

Wazee wa vibao walikuwa wameshafika, wamejipanga ukutani na mifuko yao. Mmoja akaniamkia vizuri sana. Nikaitikia vizuri sana.

Sitakusimulia mechi yote, ungeniuliza kwa nini yule alikuwa pale na huyu hakuwa hapa, nami sina jibu. Walitupita mapema. Nikaomba muda, nimekuona ukifanya hivyo. Wakaja wote wakanizunguka, wakahema, wakaningoja. Nikasema kunyweni maji. Wakanywa. Furaha, mtoto wa Mama Furaha, akasema, "Na kisha?" Nikasema kunyweni tena.

Robo ya tatu Rehema alipanda kufuata mpira na msichana mmoja mkubwa kutoka upande wao, akashuka vibaya. Akalala. Amelishika goti. Mwamuzi akapuliza, na nikaapa nimesikia karoti. Najua kocha haingii uwanjani mpaka aitwe, hilo nalijua. Nilisimama kwenye mstari. Nikasema, "Pole, mwanangu. Pole sana." Kwa sauti ile ya kumfunika mtu shuka.

Akasema kwa Kiingereza kwamba yuko sawa. Hakuinuka. Watoto wa benchi walikuwa wananitazama mimi, si yeye. Hakuna aliyejibu asante.

Kisha akainua kichwa, akasema, kwa Kiswahili, sentensi nzima, kitu ambacho sikumbuki lini mara ya mwisho kilitokea: "Siyo hivyo, Mama. Sema ile ya Kocha."

Nikasema, "Ile ya Kocha sijui kuisema."

"Unajua."

Nikanyoosha mgongo, Binti Nikolai. Kwa urefu wangu haikubadilisha mambo. Nikavuta pumzi nikaitoa kama ulivyokuwa ukiitoa wewe, na ule ulimi wako mzito mwishoni. Polye. Ilikwenda hadi ukutani kwa wazee, nikamwona mmoja akishtuka. Na benchi likaitikia, wote, kwa sauti moja, asante, na Mama Furaha kule kwenye viti naye akaitikia, na hahusiki.

Rehema akaweka kiganja sakafuni, akasimama. Akajaribu mguu. Akaenda mstari wa mitupo ya adhabu, akapewa mpira, kiwiko chini yake kama ulivyokiweka. Akakosa yote miwili. Wa pili haukugusa hata chuma.

Tulifungwa, na kwa mbali. Lakini tulitokea, tulikuwa na mtu mzima benchini, karatasi ikatiwa sahihi. Timu ipo kwenye ligi. Saa ni yetu. Yule mzee aliyeniamkia akanipa mkono, akanipongeza, akauliza wasichana wetu watamaliza shule lini.

Njiani Rehema alidunda mpira mpaka kwenye lifti na ndani ya lifti. Majirani wakatutazama. Sikumkataza. Nikadhani sasa ndiyo nitalia. Nilipofika niliingia bafuni kabisa, nikafunga mlango, nikakaa ukingoni mwa beseni la kuogea, nikangoja. Hakuna kitu. Nikanawa uso kwa kuwa nilikuwa nimeshafika, nikatoka, nikapika chai.

Labda ganzi hii ndiyo yenyewe. Labda kwa wengine huzuni inakuja na maji na kwangu imekuja na kimya. Wewe ungesema unaweza kuendelea? Hapana, wewe usingeuliza hivyo.

Sasa nikuache, Binti Nikolai. Lala katika traksuti yako, mguu umenyooka. Nakuahidi kitu kimoja, nacho ninakiweza: nitakuwa kwenye lile benchi kila Jumamosi watakayonivumilia, na mtoto akianguka nitamwitia uwanja kwanza. Pole yangu nitampa akishafika nyumbani, na chai.

Mama Rehema

Jumamosi hii hakuna mazoezi. Ukumbi umefungwa, wanapiga sakafu vanishi.